Uso Uliokwanguliwa kwa Wembe

Isiolo,
9 Februari 1983

Kwa Mzee H. Dualeh, Arusha

Salaam aleikum. Mimi ni Nurto, binti wa Roble Dualeh wa hapa Isiolo. Kama jina hilo hulijui nisamehe, basi umepata barua ya mtu mwingine. Mimi ni mzima, nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi hapa mjini. Mama yangu Sadia ni mzima pia, ila magoti yanamsumbua. Mvua ya mwisho haikutosha, watu wameanza kushusha ng'ombe mtoni kutoka mbali, na maziwa ni ya kutafutwa.

Habari niliyo nayo si nzuri. Baba alifariki tarehe 14 Novemba. Alikuwa anarudi kutoka Biliqo na lori lake, akasimamisha kando ya barabara, akawaambia abiria kifua kinambana. Walipomshusha kivulini alikuwa ameshakwenda. Tulimzika hapa mjini siku hiyo hiyo kabla ya magharibi.

Arobaini ilipopita mama aliniambia nipange vitu vyake. Katika sanduku la chuma, chini ya karatasi za lori, nilikuta picha kumi na moja zimefungwa kwa kitambaa. Baba alituambia maisha yake yote kwamba alipigana Bama katika vita vikuu vya pili, akarudi, akaacha jeshi kwa sababu ya goti. Lakini hizi si picha za Bama. Nyuma ameandika kwa mkono wake Somalia 1947 na Somalia 1948. Vita vilikuwa vimekwisha. Nilimuuliza mwalimu wetu wa historia, akanieleza kwamba Mwingereza alipomfukuza Mtaliani kule alibaki na askari wake miaka kadhaa, akiishika ile nchi mpaka wakubwa waamue ni ya nani. Kwa hivyo baba alikuwa huko na sisi hatukujua.

Katika moja amekaa na askari wenzake kwenye ngazi za nyumba nyeupe, wanakula ndizi. Katika nyingine kuna wanaume wamekaa chini mbele ya ghala refu, mikono kichwani, na baba amesimama mbele yao na cheo cha sajini begani. Sikupenda kuitazama hiyo. Halafu kuna tatu ambazo baba ameshikana bega na askari mwembamba, mrefu kumpita. Huyo askari hana uso. Umekwanguliwa kwa wembe katika zote tatu.

Nyuma ya moja ya hizo tatu, kwa wino mwingine, kuna jina lako na Box 214 Arusha.

Nilimwonyesha mama. Aliziangalia bila kuzishika. Akaniambia, "Muandikie. Msalimie. Usimuulize kitu." Kisha akaenda kutia udhu, na ilikuwa saa tatu asubuhi.

Mimi nakuuliza hata hivyo. Wewe ni nani kwetu?

Nurto Roble


Arusha,
21 Machi 1983

Binti Nurto,

Waaleikum salaam warahmatullah. Barua yako imetembea wiki tano. Tangu mpaka ufungwe barua za Kenya zinazunguka pahali nisipopajua, nashukuru imefika. Huku tuko salama. Nina bucha sokoni, na Box ni ile ile ya miaka yote. Mke wangu anakusalimu ingawa hakujui. Mvua ya masika imeanza na barabara ya kwetu ni tope tupu.

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mungu amlaze Roble mahali pema. Nilifunga bucha siku mbili. Mke wangu aliniuliza nani amefariki, nikamwambia mtu wa Isiolo.

Umeuliza mimi ni nani. Mimi ni mtu wa ukoo wenu, basi. Kina Dualeh ni wengi. Nilikuwa jeshini na baba yako muda mfupi, kisha nikaja huku kutafuta maisha. Zaidi ya hapo hakuna la maana la kukueleza, na mama yako amekupa shauri zuri.

Hizo picha zichome. Hazina faida kwa mtu.

Lakini kabla hujazichoma, nijibu mambo haya. Nani aliyekwangua huo uso? Ni baba yako mwenyewe? Una hakika? Na wembe ulipita mara moja, juu juu, au ulirudiwa? Tazama vizuri mchana, kwenye mwanga.

Msalimie Sadia. Mwambie nimepata habari.

H. Dualeh


Isiolo,
30 Aprili 1983

Mzee wangu,

Salaam aleikum kwako na kwa mama wa huko. Sisi tuko wazima. Shule zimefungwa. Magoti ya mama yamepata nafuu tangu apakwe mafuta ya simsim, lakini hasemi sana siku hizi, na kusema kwake mara moja ndiko kulikonifanya nikuandikie.

Nina mchumba. Anaitwa Umuro, Mborana wa Kinna, na watu wake wanalima kwa maji ya mfereji kule Rapsu. Ni Mwislamu na ni mtu mpole. Baba alimjua na alimkubali kwa mdomo kabla hajafa. Sasa baba hayupo, babu hayupo, na mimi sina kaka. Mzee Robow, mtoto wa baba mkubwa wa baba yangu, amejitokeza kusema yeye ndiye walii wangu, na kwamba hatamwoza binti wa Dualeh kwa Mborana. Anataja mambo ya wakati wa vita vya shifta, kati ya sisi Wasomali na Waborana nani alimfanya nani nini. Umuro wakati ule alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi.

Tulikwenda kwa kadhi wiki iliyopita. Kadhi aliuliza kwa utaratibu kama marehemu ana ndugu wa kiume aliye hai, maana huyo ndiye angetangulia. Mzee Robow akajibu kwamba alikuwepo mmoja, Hersi, akafia vitani, na mji mzima unajua. Mimi pia nilijua hivyo. Tangu utoto wangu katika kila dua ya Ijumaa nyumbani kwetu Hersi alitajwa pamoja na wafu.

Mama alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Akasema, "Yuko."

Kadhi akamwomba arudie.

"Yuko hai. Yuko Tanzania."

Mzee Robow alisema huzuni imemchanganya mjane. Watu walianza kuzungumza wote pamoja. Kadhi akanyamazisha, akasema kama mtu huyo yuko basi alete maneno yake, na ametupa muda mpaka baada ya Idi ya Hija. Akikosekana, walii ni Robow.

Njiani kurudi nilimuuliza mama mara tatu. Aliongeza mwendo. Umuro anasema tusimsukume. Mimi sijui tena nimwamini nani. Nilimlilia baba akiwa mtu mmoja, na sasa naona nilikuwa nalilia mwingine.

Umeniuliza juu ya wembe. Ulirudiwa. Karatasi imetoboka katika mbili. Nani alifanya, mama anajua, hasemi.

Mimi sitazichoma. Nijibu kwa ndiyo au hapana. Je, wewe ni adeer wangu, baba yangu mdogo?

Nurto


Isiolo,
11 Juni 1983

Mzee wangu,

Salaam aleikum. Natumaini ni posta tu inayochelewa wala si ugonjwa. Kesho au kesho kutwa Ramadhani inaanza, nakutakia mfungo mwema.

Sina jibu lako. Mzee Robow amemwambia Umuro asikanyage mlangoni kwetu. Pia ameanza kusema mjini kwamba mama amezua ndugu wa uongo ili aniuze kwa Waborana. Mama amesikia maneno hayo kwa masikio yake, dukani. Alirudi na sukari, akaikoroga katika chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

Hata kama ni hapana, niandikie hapana.

Nurto


Arusha,
20 Julai 1983

Nurto,

Waaleikum salaam, na Idi njema iliyopita. Barua zako mbili nilizikuta pamoja. Huku maduka yalikuwa yakikaguliwa moja moja kwa msako wa walanguzi, watu wanaulizwa hiki umekipata wapi na kile umekificha kwa nini. Sikuwa na cha kuficha, lakini nilifunga bucha nikaenda kukaa kwa rafiki yangu Sanya Juu miezi miwili. Mtu akishakimbia mara moja, mara ya pili miguu haimuulizi. Nimerudi. Mke wangu ni mzima.

Mimi ni Hersi. Sikufa. Na Bama sikufika, vita vilikwisha kabla sijaandikishwa.

Nitakueleza mara moja, kisha tusirudie. Roble alirudi kutoka Bama na cheo cha sajini, nami nikaingia jeshini mwaka wa 1946 kwa sababu yeye alikuwa jeshini. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Walitupeleka Somalia, mji mdogo kando ya mto, kusini ya Mogadishu. Kazi yetu ilikuwa kukaa. Tulilinda daraja, tulilinda posta, tulilinda shamba la ndizi la Mtaliani mmoja. Hilo ndilo nisilolielewa mpaka leo. Mtaliani tulimpiga vita, tukamshinda, halafu tukalinda ndizi zake. Huyo huyo alikuwa na kamera, na askari aliyetaka picha alimwendea Jumapili. Ndizo hizo ulizo nazo.

Watu wa pale waliofanya kazi katika lile shamba walikimbia. Hawakutaka tena. Luteni wetu akaagiza wakamatwe warudishwe. Tukawakamata, watu kumi na saba, tukawafungia ghalani wangoje lori. Ile picha ya mikono kichwani ilipigwa asubuhi hiyo. Roble hakuipenda kama wewe usivyoipenda, lakini alikuwa sajini. Ghala lilikuwa la bati. Saa sita mchana zamu ikawa yangu. Walikuwa wakiita maji kwa lugha yangu. Mmoja aliniuliza jina la baba yangu, nikamwambia, akasema, "Basi Dualeh ana mtoto wa kufunga watu."

Nilifungua mlango. Wakatoka mmoja mmoja, bila kelele, kama watu wanaotoka msikitini. Niliegemeza bunduki ukutani nikafuatana nao. Sikupanga. Ningekuwa nimepanga ningemwambia Roble, maana yeye ndiye aliyenipa zamu na yeye ndiye angeulizwa.

Nilishuka mpaka Kismayu, kutoka hapo Lamu, Tanga, mwisho huku. Nilisikia baadaye kwamba walimvua Roble cheo na kumweka ndani siku ishirini na nane, kisha wakamrudisha nyumbani. Goti lake halikuwa na kitu.

Mwaka wa 1953 alipita huku mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa akienda Isiolo. Nilimpa salamu na anwani yangu. Alirudi baada ya miezi minne. Alimkuta Roble hotelini na watu, akampa maneno yangu. Roble akamjibu mbele ya wote, "Sina ndugu."

Nilimpa haki yake. Nilikuwa nimemharibia maisha. Nikasema ni neno la hasira, litapoa, nikangoja. Nimengoja miaka thelathini. Sasa kwa barua yako naelewa kwamba alikaa chini na wembe akanikwangua uso mpaka karatasi ikatoboka, katika picha moja, ya pili, ya tatu. Hiyo si hasira ya hotelini. Hiyo ni kazi, mtu ameifanya kwa utulivu.

Mtu aliyefutwa na kaka yake hawezi kusimama kumwoza binti wa kaka huyo. Ingekuwa kumwibia akiwa kaburini. Mwombe kadhi akutafutie njia nyingine.

Hersi


Isiolo,
20 Agosti 1983

Adeer Hersi,

Salaam aleikum. Sisi wazima. Umuro ameleta gunia la vitunguu kutoka Rapsu na kuliacha kwa jirani kwa sababu ya lile katazo, jirani ametuletea. Shule zimefungwa tena.

Nilimsomea mama barua yako yote, hata pale nilipotaka kuruka. Nilipofika kwenye wembe alininyanyulia mkono nisimame. Akasema, "Hajui. Miaka yote hiyo, hajui." Kisha akasema niandike kila kitu atakachosema, na nisikipunguze.

Aliolewa na baba mwaka wa 1947, baba akiwa likizoni, na alikuwa bado bibi harusi wakati baba aliporudishwa bila cheo. Wiki chache baadaye alikuja afisa wa Kizungu na askari wawili. Walitaka picha yako wapeleke bandarini na kwenye vituo vya mpakani. Koplo mmoja alikuwa amemwambia afisa kwamba Roble anazo. Baba akamkaribisha akae barazani, akasema chai inakuja. Akaingia ndani, akachukua wembe wake wa kunyolea, akazikwangua zile picha juu ya meza ya mama, maji ya chai yakichemka. Alikuwa na haraka, ndiyo maana zimetoboka. Mama alimuuliza kwa nini asizitie tu motoni. Akamwambia, "Zikikosekana ni kosa langu. Zikiharibika ni hasira ya ndugu."

Akatoka akazitupa mbele ya afisa. Akasema huyu amenivunjia cheo, sitaki hata kumwona uso. Mama anasema alitukana mpaka afisa akamwonea huruma.

Na hotelini ilikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya Mwingereza, askari kanzu wa upelelezi walikuwa wamejaa kila hoteli. Alisema hana ndugu, akalipa chai yake, akaja nyumbani haraka kuandika anwani yako kabla haijamtoka kichwani.

Adeer, kuna jambo lingine. Nilimwambia mama hili tuliache. Akasema hapana, amechoka.

Yule afisa alikuwa amesema angerudi kesho yake kumhoji ayeeyo, mama yenu. Ayeeyo hakujua kudanganya, baba alijua hivyo. Kwa hivyo asubuhi, kabla afisa hajafika, baba alimwambia ayeeyo kwamba umezama mtoni ukikimbia. Afisa alipokuja alikuta nyumba ya msiba, wanawake wanalia, akaondoka na hakurudi tena. Ulisomewa hitma. Ulisaliwa sala ya ghaibu. Baadaye mji ukasema vitani, kwa kuwa ilikuwa rahisi kusema hivyo, na baba hakusahihisha. Ayeeyo aliishi mpaka 1961. Alikutaja na wafu wake kila Ijumaa.

Nilimuuliza mama kwa nini baba hakusema baada ya Uhuru, wakati hakukuwa tena na wa kukufuata. Akasema, "Uongo wa kwanza aliusema kwa ajili ya Hersi. Ulipokwisha kazi yake, mama yake alikuwa amekufa nao. Hakupata mlango wa kutokea."

Mama anasema na yeye pia alinyamaza, na hataki umwondolee sehemu yake.

Hapa nimeandika mistari mitatu na kuikata. Idi ya Hija ni mwezi ujao.

Nurto


Arusha,
25 Septemba 1983

Nurto,

Waaleikum salaam. Tuko wazima.

Nimeisoma. Niliisoma dukani, nikaisoma nyumbani, nikampa mke wangu asome kwa sauti nione kama itabadilika. Nimemweleza mambo ambayo hakuyajua tangu nimwoe.

Miaka thelathini nilimkasirikia kaka yangu kwa jambo ambalo hakulifanya. Sasa najua jambo alilolifanya, na hasira haijui iende wapi. Aliniokoa. Alinizika. Mama alikuwa hai miaka kumi na mitatu, nami nilikuwa nakata nyama siku mbili tatu kutoka kwake, nikisema mwenyewe hawanitaki.

Usiniandikie kwa sasa.

Barua ndogo iliyomo ndani, hiyo iliyofungwa kwa gundi, ni ya kadhi. Mpe mkononi.

Hersi


Isiolo,
19 Januari 1984

Adeer,

Salaam aleikum kwako na kwa mama wa huko. Natumaini ulifika salama na barabara ya mpakani haikukusumbua. Ulisema usiandikiwe, na sijui kama katazo hilo bado liko, lakini mimi sasa ni mke wa mtu na nimejifunza kukaidi.

Kadhi alituambia baadaye ulichoandika: "Mimi ni Hersi bin Dualeh. Walii ni mimi. Nisubirini mpaka nipate njia." Kwa maneno hayo aliongeza muda, na mwezi wa Novemba mpaka ulipofunguliwa alituma mtu kutuambia tuweke nyumba tayari.

Nataka ujue tuliyoyaona sisi, maana sijui wewe uliona nini. Uliposhuka kwenye basi na kile kikoti, mama alikujua kabla hujageuka. Mzee Robow alikutazama kwa kadhi muda mrefu. Nilidhani angebisha. Akasema, "Sauti ni ya Dualeh," akakaa chini, na tangu siku hiyo hajasema neno juu ya Waborana, angalau mbele yangu. Siku ya Ijumaa uliposema "Nimekuoza," Umuro anasema mkono wako ulikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Alikubali haraka akiogopa ungeuondoa.

Watu walikuja siku tatu. Ulikaa nao, ulicheka nao. Mama alifurahi. Siku ya nne uliamka, ukaenda makaburini peke yako. Mama alikuwa amechinjisha mbuzi, akapika tangu alfajiri. Ulirudi, ukachukua mfuko wako, ukampa mkono Umuro pale nje, ukaenda kituoni. Mama hukumuaga. Chakula kilikaa mpaka jioni, mama hakutaka kigawanywe.

Hakulalamika. Alisema, "Ana haki." Lakini amelala na kuamka na jambo hilo mwezi mzima sasa. Mimi pia. Nilidhani ulipokuja umetusamehe. Je, tulikosea kudhani? Kama kuna neno mtu alilosema, niambie. Kama ni mama, niambie hilo pia, nitajua namna ya kumwambia.

Umuro anakusalimu. Tunahamia Rapsu shule zikifungwa, lakini nitarudi mjini kufundisha.

Binti yako, Nurto


Arusha,
27 Februari 1984

Nurto binti yangu,

Waaleikum salaam, wewe na mume wako. Nilifika salama. Mke wangu ana kikohozi ila anaendelea vizuri. Sasa ndiye anayenisomea barua zako, macho yangu yamechoka, kwa hivyo yote unayoandika anayajua na ana maoni.

Hakuna aliyenikosea. Nilikosa adabu, mwambie mama yako hivyo kwanza kabla hujasoma mengine.

Kwa siku tatu kila aliyeingia alinishika mkono akaniambia Roble alikuwa mtu mwema. Mmoja alisema Roble alimletea mkewe mgonjwa kwa lori kutoka Merti bila kumdai nauli. Mwingine alisema wakati wa shifta alificha Waborana watatu ndani ya lori chini ya ngozi. Mzee Robow mwenyewe alisema. Nami niliitikia, kwa kuwa ni kweli, ndivyo alivyokuwa. Kila nilipoitikia nilijisikia kama ninatia sahihi. Walipokuwa wakiondoka mimi ndiye niliyebaki na yule Roble mwingine, na sikuwa na mtu wa kumweleza.

Siku ile makaburini nilianzia kwa Roble. Kwake nilikuwa na maneno, niliyapanga kwenye basi tangu Namanga. Nilimwambia yote, mazuri na mabaya, kwa sauti, kama tulivyokuwa tukigombana tukiwa vijana. Nilipomaliza nilijisikia vizuri. Nikadhani kazi imekwisha.

Halafu nikaenda kwa mama. Ulinielekeza vizuri, lile kaburi la mwisho karibu na ua wa miiba. Nilisimama. Kina mama wa Isiolo wote wamelala pale na kila mmoja anajua watoto wake. Nilisema, "Mama, mimi ni Hersi." Neno la pili halikuja. Nilisubiri. Nikaona haya kama mtu mzima anayesimama mlangoni kwa watu asiowajua. Yeye aliniombea maghufira miaka kumi na mitatu, nami nilikuja nimesimama kwa miguu yangu, na viatu vipya vya harusi. Niliona nikikaa kula mbuzi wa Sadia baada ya hapo nitalia mbele ya wakwe zako, na sikutaka. Nikaondoka. Nimekuwa mtu wa kuondoka.

Sijui kama nimemsamehe Roble. Kuna asubuhi ninaamka nimemsamehe, na mpaka adhuhuri nimerudi nyuma. Sina jibu lingine la kukupa, na sitaki kukupa la uongo, tumekuwa nayo ya kutosha.

Nitakuja Shaabani, kabla ya kufunga. Mke wangu anakuja nami, anasema haniachi niende peke yangu tena. Mwambie Sadia asichinje na asipike zaidi ya chakula cha nyumbani. Asubuhi nitakuwa nakwenda makaburini na mchana nitarudi kula, na kesho yake tena. Bucha nimemwachia mtu. Nitakaa Isiolo mpaka neno la pili lije.

Adeer wako,
Hersi Dualeh